Chai Kabla ya Karatasi

Tuk-tuk ilikuwa imeshatoka langoni na inakata kona kuelekea Mbaraki. Nyuma walikuwa wamekaa baba mtu na binti yake, sanduku la bati limelazwa juu ya mapaja yao, na godoro lililofungwa kamba limetokeza nje upande mmoja. Mkononi mwangu nilikuwa na kikombe cha chai ya yule msichana. Nilikwisha kuimimina, naye hakuinywa.

"Chai hii ya nani?" Bi Mejumaa aliniuliza. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka bwenini, mtandio umemwangukia mabegani.

"Ya yule anayekwenda zake."

"Anakwenda zake wapi?"

"Morgan amemrudisha. Ati jina lake limeshasajiliwa."

Alikitazama kikombe, akaitazama barabara. "Ameondoka hajanywa?"

"Hajanywa."

"Basi wasubiri nini, Mzee Faiz? Mfuate!"

Nilikuwa na miaka sitini na tisa. Mara ya mwisho kukimbia nilikuwa Mwanza, nimefukuzwa na mbwa. Lakini nilikimbia, na kikombe nikaenda nacho, maana hakuniambia nikiweke.

Hiyo ilikuwa Januari ya mwaka elfu mbili na kumi na tisa, siku ya kupokea wasichana wa kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni pale Ganjoni, Mombasa. Jina la shule siliandiki. Ilikuwa shule ya wakfu, yapokea watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, na kila mwaka iliandika barua mia moja na sitini kwa sababu vitanda vilivyobaki wazi vilikuwa mia moja na sitini. Kazi yangu ilikuwa lango na birika. Nilikuwa na mwezi wa nne pale, na mimi sina desturi ya kukaa mahali zaidi ya mwaka. Nimepika melini, nimebeba magunia Kilindini, nimeuza nazi Tanga, nimelinda ghala Mwanza. Kusoma nimesoma vipande vipande: chuoni kwa Kurani miaka miwili, darasa la nne Tononoka, na baadaye ngumbaro mahali ambapo mwalimu alikuwa mdogo kuliko mwanangu. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba wakubwa wa kazi nimewaona wengi, na ninapomsifu mmoja si kwa sababu sijaona wengine.

Bi Mejumaa alikuwa karani wa usajili. Mdigo wa Matuga, mjane, miaka kumi na tisa katika ofisi ile ile. Aliishi ndani ya ukuta wa shule, nyumba ya vyumba viwili iliyoelekeana na kamba za kuanikia nguo. Mlango wake ulikuwa haupumziki. Huyu tumbo lamuuma, huyu sketi imepasuka, huyu ameota mamake ni mgonjwa. Wasichana mia sita na zaidi, na aliwajua kwa majina ya mama zao. "Wewe wa Tumu, mbona leo hukula maharagwe?" Nilidhani ni mchezo wa kukariri, mpaka nilipoona kwamba kweli yule wa Tumu hakula maharagwe.

Sheria yake ya siku ya kwanza haikuandikwa popote: chai kabla ya karatasi. Mtoto akiingia langoni haulizwi barua wala cheti. Anakalishwa barazani, anapewa kikombe na mahamri mawili. Akimaliza, anakibeba kikombe mwenyewe hadi kwenye meza ya Bi Mejumaa, na hapo ndipo maswali yanaanza. Nilimuuliza sababu.

"Akiwa na njaa, babake ndiye anayejibu kila kitu," aliniambia. "Akishakunywa chai anajibu mwenyewe, nami yeye ndiye ninayetaka kumsikia."

Siku ile kulikuwa na msichana mmoja aliyejifungia chooni bwenini, analia hataki kubaki. Bi Mejumaa akaenda kumtoa, akamwachia meza msaidizi wake, Morgan. Kijana wa Kitaita, mpole, digrii yake haijapata vumbi. Foleni ilikuwa imefika barabarani na jua lilikuwa kali. Morgan akaona tukianza na chai tutafika magharibi, akaanza na karatasi.

Ndipo akaja Karisa na mabinti wawili, masanduku mawili, na barua moja.

Barua ilisema Sidi Karisa Kenga. Morgan akauliza yupi ndiye Sidi. Wote wawili wakainua mikono.

Nilikuwa hatua tano kutoka pale, na nilisikia kila neno. Karisa, mkulima wa Kaloleni, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, alieleza bila haraka. Ana wake wawili. Kwao Wagiriama binti wa kwanza wa nyumba hupewa jina la bibi yake mzaa baba, na kila mke ana nyumba yake. Mamake Karisa aitwa Sidi. Kwa hiyo Sidi wa mama mkubwa ni huyu, na Sidi wa mama mdogo ni huyu. Wote wamefaulu, wote wameomba.

"Na barua ya pili iko wapi?" Morgan akauliza.

"Ilikuja moja. Nikajua ni ya wote. Jina si ni lilo hilo?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Morgan hakucheka. Aliangalia namba ya mtihani kwenye barua, akaona ni ya Sidi wa mama mkubwa. Kwenye orodha hakukuwa na Sidi mwingine. Akasema maneno ambayo angeweza kuyasema vizuri zaidi: kwamba shule haiwezi kupokea watu wawili kwa jina moja, na kwamba mzee asijaribu kupitisha mtoto kwa mlango wa nyuma.

Karisa hakubishana. Alimwacha mmoja, akamchukua mwingine, na Sidi wa mama mdogo akabeba upande mmoja wa sanduku lake kurudi nje bila kugeuka.

Sasa nirudi kwenye mbio zangu. Kufika Ganjoni madukani pumzi ikaisha, nikasimamisha tuk-tuk nyingine, dereva akanicheka. "Mzee, wafuata chai au chai yakufuata?" Iliyobaki kikombeni ilikuwa nusu. Tuliwapata stendi ya Mwembe Tayari. Karisa alikuwa anabishana na kondakta wa gari la Kaloleni juu ya mahali pa kuweka godoro, na binti amekaa juu ya sanduku lake, mikono magotini, anatazama chini.

"Bwana Karisa," nikasema, "rudi shuleni."

"Nirudi kufanya nini? Nimeitwa mwongo mbele za watu. Nimetosheka."

"Nimetumwa na mwenye ofisi. Yule kijana ni msaidizi tu."

"Mwenye ofisi amesema mwanangu ana nafasi?"

Nikataka kusema ndiyo. Uongo mdogo wa kumrudisha mtu nimeusema mara nyingi maishani. Lakini yule msichana alikuwa ameinua uso.

"Hapana," nikasema. "Amesema ameondoka hajanywa chai."

Karisa alinitazama kama mtu anayetazama kichaa asiyejua kama ni wa kupiga au wa kuhurumia. "Umekuja kutoka huko kwa ajili ya chai?"

"Na kikombe hiki hapa. Imemwagika njiani."

"Mzee, shule yenu ina wazimu."

"Ina wazimu sana. Lakini huyo mama sijamwona akimwita mtu bure."

Sidi alisema taratibu, "Baba, nina kiu." Hayo ndiyo maneno ya kwanza kumsikia akisema. Kondakta akasema kama hamwendi toeni godoro. Basi tukalitoa.

Tuliporudi, Bi Mejumaa hakuwa mezani. Alikuwa amekaa sakafuni ofisini, mlango wazi, majalada yamemzunguka. Lazima nieleze. Alikuwa hatupi fomu hata moja, hata za waliokataliwa, hata zilizofutwa. Alizifunga kwa mwaka na kuzitia kabatini. Nilipokuwa njiani alimuuliza Morgan yule mtoto aitwaje, na alipoambiwa jina akaenda moja kwa moja kabatini.

Alisimama na karatasi mbili. Kwanza alimsalimu Karisa kwa Kigiriama, akamuuliza hali ya nyumbani, ya wake, ya mama mzee, ya mvua. Hakuharakisha hata moja. Sidi akakalishwa, akapewa chai mpya na mahamri. Bi Mejumaa akangoja anywe. Watu wote kwenye foleni nao wakangoja, na hakuna aliyenung'unika, nadhani kwa sababu walitaka kuona mwisho.

Sidi alipoleta kikombe mezani, Bi Mejumaa alimuuliza, "Waitwa nani, mwanangu?"

"Sidi Karisa Kenga."

"Ulizaliwa mwezi gani?"

"Wa tisa."

"Na dadako?"

"Wa tano."

Bi Mejumaa akaziweka zile fomu mbili juu ya meza. Moja ilipitia kwa chifu, nyingine ilipitia kanisani. Jina moja, baba mmoja, kijiji kimoja, sahihi moja. Ya pili ilikuwa imepigwa mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe.

"Bwana Karisa," akasema, na sauti yake ilifika langoni, "kosa ni langu. Watu wa kwenu huko bara ninawajua. Baba akimpenda mtoto hupeleka fomu mara mbili, kwa chifu na kwa mchungaji, akiogopa mmoja ataisahau. Kila mwaka nafuta kumi, kumi na tano, ili mtoto mmoja asichukue nafasi mbili. Hii nayo niliifuta nikidhani nimeshakujua. Tarehe za kuzaliwa sikuzitazama. Hakuna mama anayezaa mwezi wa tano akazaa tena wa tisa mwaka ule ule. Kwenu nyumba mbili ni jambo la kawaida, nami nalijua, na sikuuliza. Nisamehe."

Morgan alikuwa amesogea karibu. Akamnong'oneza, lakini Morgan hajui kunong'ona: "Bi Mejumaa, tunaweza kusema ni hitilafu ya kompyuta."

"Kompyuta haina kalamu nyekundu, babangu."

Mimi nimefanya kazi chini ya manahodha, mameneja, wahasibu na sharifu mmoja. Sikuwahi kumsikia hata mmoja akisema kosa ni langu mbele ya foleni. Karisa naye hakuwa amewahi. Alikuwa amejitayarisha kugombana, na sasa hakujua aweke wapi mikono yake. Mwishowe alisema tu, "Na wewe pia pole."

Lakini kuombwa radhi si kitanda. Orodha ilikuwa na wasichana mia moja na sitini, na kufikia saa saba wote walikuwa wamefika. Bi Mejumaa aliwachukua Karisa na Sidi hadi kwa Mwalimu Mkuu, Madam Winnie. Mimi nikalibeba sanduku nyuma yao, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia nitoke, sikutoka.

Madam Winnie hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akazisoma fomu zote mbili.

"Nakubali ameonewa," akasema. "Lakini Mejumaa, unakumbuka wakaguzi walivyosema mwaka jana. Kitanda kimoja zaidi na bweni linafungwa. Watoto wawili kitanda kimoja, wananifunga mimi. Nitamweka wapi? Juu ya paa?"

"Asilale bwenini. Alale kwangu."

"Kwako si bweni."

"Ndiyo nisemavyo. Kwangu ni nyumba ya mtumishi."

Madam Winnie akavua miwani. Morgan, aliyekuwa amesimama mlangoni na uso umemshuka tangu asubuhi, akasema, "Kifungu cha kumi na moja." Alikuwa ameshika kile kijitabu cha kanuni za watumishi ambacho nadhani ni yeye pekee aliyewahi kukisoma. Akasoma kwa sauti: mtumishi anayeishi ndani ya shule anaruhusiwa mtoto mmoja, wa kumzaa au wa kulea, asome akiwa wa kutwa, mradi analala katika nyumba ya mtumishi huyo, na ruhusa hiyo haihamishwi mpaka mtoto amalize kidato cha nne.

"Mmoja," Madam Winnie akasema. Kisha, polepole, "Na Nasiha?"

Nasiha alikuwa mjukuu wa Bi Mejumaa, yuko darasa la saba, anakaa kwa mamake Old Town. Kila Jumamosi alikuja kumsaidia nyanyake kukunja mashuka. Shule nzima ilijua kwamba ile nafasi moja ya mtumishi ilikuwa inamngojea yeye, kwa maana masomo hayakuwa mepesi kwake na kwa alama peke yake asingeingia.

Bi Mejumaa alinyosha mtandio wake. "Nasiha ataomba kama wengine. Akifaulu ataingia. Asipofaulu, Mombasa ina shule nyingi."

"Fikiri mpaka kesho."

"Nimefikiri huko sakafuni, Madam. Nikifikiri mpaka kesho nitapata sababu."

Madam Winnie akamgeukia Karisa. Bila sahihi ya baba hakuna linalofanyika. Karisa alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti.

"Kwa hiyo mwanangu atakuwa mtoto wako?" akamuuliza Bi Mejumaa.

"Ni wako. Kwangu atalala, atakula, na ataosha vyombo vyake."

"Sisi ni watu wa kanisa."

"Jumapili atakwenda kanisani na wenzake, na nitamwamsha mimi, maana mwenyewe naamka alfajiri. Kwangu hakuingii nguruwe wala pombe. Hayo mawili tu."

"Pombe hata mimi simpi," Karisa akasema. "Nguruwe nao ni ghali."

Madam Winnie alicheka kwanza, kisha sote. Karisa akamgeukia binti yake, na hili nalo nalisifu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza mpaka hapo. "Wewe wasemaje? Dadako atalala kule na wenziwe, wewe utalala kwa mama huyu. Waona?"

Sidi alifikiri. "Chakula ni kile kile?"

"Cha kwangu kina nazi zaidi," Bi Mejumaa akasema.

"Basi nakubali."

Karisa akatia sahihi. Ilikuwa sahihi ile ile ya kwenye fomu mbili, ndefu, yenye mkia.

Nilibeba sanduku hadi kwenye nyumba yenye vyumba viwili. Juu ya kitanda cha chumba cha pili kulikuwa na shuka la maua na mwanasesere asiye na mkono mmoja, vitu vya Nasiha vya Jumamosi. Bi Mejumaa alivichukua, akavitia ndani ya pakacha, akaliweka pakacha mlangoni. Alitoka akarudi mezani, ambako foleni ilikuwa bado ipo, akamwambia Morgan: "Chai kwanza, babangu. Hata tukifika magharibi." Morgan akaja mwenyewe kuchukua birika mkononi mwangu.

Jumamosi iliyofuata Nasiha alikuja. Nilimfungulia lango, na nilimwona akitoka nyumbani kwa nyanyake na lile pakacha, macho mekundu. Alinipita bila salamu. Wiki mbili hakurudi. Ya tatu akarudi, na nikawaona yeye na Sidi kwenye kamba, kila mmoja ameshika ncha moja ya shuka, wanalikunja bila kuzungumza. Bi Mejumaa alikuwa amesimama dirishani akiwatazama, na aliponiona namtazama akafunga pazia.

Yaliyofuata ni haya. Mimi niliondoka mwezi wa kumi mwaka ule ule, nikaenda Lamu, kisha Moroni, na mengine niliyapata kwa simu na kwa kupita.

Sidi wa mama mkubwa alimaliza kidato cha nne mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili, anasomea uuguzi Kilifi. Sidi wa mama mdogo alimaliza mwaka huo huo, hesabu zilimshinda, akapata alama za wastani, na sasa ni karani kwa wakala wa forodha Kilindini. Karisa bado analima muhogo Kaloleni, goti la kushoto limekuwa bovu. Madam Winnie alihamishiwa shule nyingine. Morgan ndiye karani mkuu wa usajili, ameoa, ana mtoto mmoja. Bi Mejumaa alistaafu mwaka wa elfu mbili na ishirini na tatu, anakaa kwao Matuga, sukari inamsumbua lakini anatembea.

Nasiha aliomba kama wengine na hakupata nafasi. Alisoma shule ya kutwa Tononoka mpaka mwisho. Anauza leso za kujifunga katika duka la mjomba wake Old Town, na Ijumaa huenda Matuga.